SSH ikigoma kuingia kwenye seva kuukuu: tafuta kwanza imekwama wapi

Seva iliyofungwa ofisini mwaka 2008 ikiwa na CentOS 5, mfumo endeshi wa familia ya Linux, si lazima iharibike ndipo ikukatae. Inaweza kuwa nzima kabisa, inatunza mahesabu, inachapa risiti kila asubuhi, na bado laptop mpya ikashindwa kuingia ndani yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa mazungumzo yaliyosimbwa. Hapo wengi huanza kuzima na kuwasha ruta, kubadili kebo, kuondoa ukuta wa moto na kusakinisha hiki na kile. Jioni inafika, kitu kimekubali, na hakuna anayejua ni kipi kilichosaidia wala ni mlango gani umeachwa wazi.

Kuingia kwa SSH kunapita hatua nne. Pakiti zifike kwenye mashine. Lango namba 22 liwe na programu inayosikiliza. Programu mbili, yako na ya kule, zipatane jinsi ya kusimba mazungumzo. Mwisho mtumiaji mwenyewe akubaliwe. Kila hatua ina namna yake ya kushindwa, na mara nyingi skrini imeshakutajia hatua hiyo kwa maandishi. Shida ni kwamba tukiona Kiingereza kirefu chenye neno "failed" au "refused" tunaacha kusoma.

Angalia saa, kisha soma ujumbe

"Connection refused" hurudi papo hapo, na ni habari njema kuliko inavyosikika. Mashine iko hewani, njia inapitika, ila hakuna anayesikiliza kwenye lango hilo. Nenda kwenye kibodi ya seva yenyewe, uandike:

service sshd status
netstat -tlnp | grep sshd

Kama sshd, programu ya seva inayosikiliza SSH, haijawaka, iwashe. Kama imewaka, tazama inasikiliza wapi. Ikiwa ni 127.0.0.1:22, inajisikiliza yenyewe tu. Ikiwa ni lango 2222, kuna aliyelihamisha zamani na huenda alishaacha kazi bila kumwambia mtu.

"Connection timed out" huja baada ya kungoja sana. Linux kwa kawaida hurudia ombi la kwanza mara 6, kila mara ikiongeza muda maradufu, hadi kukata tamaa kwenye sekunde 127 hivi. Huo ni ukimya: mashine imezimwa, anwani si yake tena, au ukuta wa moto unatupa pakiti bila kujibu. Hakuna sababu ya kukaa dakika mbili kila unapojaribu:

ssh -o ConnectTimeout=5 mhasibu@192.168.1.20

"No route to host" ndiyo inayopoteza watu. Ukiwa kwenye mtandao uleule wa ndani, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna kadi iliyoitika kwa anwani hiyo. Lakini ping ikijibu vizuri na SSH ikasema "No route to host", usiiguse ruta. Sheria ya mwisho ya iptables, ukuta wa moto wa Linux, inayokuja na CentOS 5 na 6 hainyamazi. Inarudisha ujumbe wa icmp-host-prohibited, na Linux ya upande wako inautafsiri ujumbe huo kuwa hakuna njia. Ping inapita kwa kuwa sheria ya juu yake imeiruhusu. Dawa ni kuweka ruhusa ya lango 22 juu ya sheria hiyo ya kukataa:

iptables -I INPUT 1 -p tcp -s 192.168.1.0/24 --dport 22 -j ACCEPT
service iptables save

Angalia herufi: ni -I, si -A. Ukitumia -A sheria yako inakaa chini ya ile inayokataa na haitasomwa kamwe.

Lango likifunguka, muulize aliye nyuma yake ajitaje kabla hujaleta SSH yenyewe:

nc -w 5 192.168.1.20 22

CentOS 5 itajibu SSH-2.0-OpenSSH_4.3, na CentOS 6 itajibu SSH-2.0-OpenSSH_5.3. Mstari huo mmoja una thamani kubwa, maana toleo ndilo litakaloamua nusu ya mambo yanayofuata. Ukiona SSH-1.99, seva inajua toleo la 1 na la 2 la itifaki, hakuna taabu. Ukiona SSH-1.5, inajua la 1 peke yake, na OpenSSH, programu ya SSH inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, iliondoa toleo hilo kabisa kwenye 7.6 ya mwaka 2017. Hakuna mpangilio utakaolirudisha.

Pengine lango linafunguka, halafu linafungwa kabla hata ya mstari huo, nawe unaambiwa "kex_exchange_identification: Connection closed by remote host". Kwenye mashine za umri huu mshukiwa wa kwanza ni /etc/hosts.deny. Faili la hosts.allow husomwa kwanza, kisha la deny, ukiandika "sshd: 192.168.1." kwenye la kwanza, usisahau nukta ya mwisho, ndiyo inayobeba maana ya mtandao mzima. Mshukiwa wa pili ni MaxStartups. Sshd za zamani zinapokea miunganisho 10 tu ambayo haijathibitishwa, na kama seva iko wazi kwenye intaneti, wanaobahatisha nywila wanaweza kuzijaza nafasi zote hizo wakakuacha nje wewe mwenye mali.

Waya, kadi na anwani

Kwenye mashine kuukuu kadi ya mtandao hufa na kubadilishwa, na hapo ndipo kisa cha ajabu huanza: kadi mpya taa zinawaka, lakini mashine haina anwani. CentOS 6 na Debian za kipindi hicho ziliandika MAC (namba ya utambulisho) ya kila kadi kwenye /etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules. Kadi mpya ina MAC nyingine, basi inapewa jina eth1, ilhali mipangilio yote iko chini ya eth0. Futa mistari ya kadi ya zamani kwenye faili hilo. Kwenye CentOS rekebisha pia HWADDR ndani ya /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-eth0, kisha washa upya. CentOS 5 haitegemei faili la udev. Hapo HWADDR peke yake ndiyo ya kutazamwa.

Ugomvi wa anwani hutambulika kwa tabia. SSH inaingia saa tatu asubuhi, inakataa saa nne, inaingia tena mchana, au inakupigia kelele za "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED" ingawa hakuna aliyesakinisha upya chochote. Kelele hizo watu huzinyamazisha kwa ssh-keygen -R bila kufikiri. Kwanza uliza ni nani anayejibu:

arping -I eth0 -c 4 192.168.1.20

Majibu yakitoka kwenye MAC mbili tofauti, kuna kifaa kingine, mara nyingi printa au simu iliyopewa anwani hiyo na DHCP, huduma ya kugawa anwani. Toa anwani ya seva kwenye orodha ambayo ruta inagawa. Ikiwa MAC ni moja na ni ya seva yako, na unajua mfumo ulisakinishwa upya, hapo sasa futa ufunguo wa zamani.

Kisha kuna kosa la dupleksi (kama kutuma na kupokea hufanyika kwa pamoja au kwa zamu), ambalo ping hailioni. Upande mmoja, tuseme swichi, umefungiwa 100 Mb/s dupleksi kamili kwa mkono. Upande wa pili umeachiwa ujipange wenyewe. Huo wa pili unatambua kasi lakini haupati jibu kuhusu dupleksi, basi kanuni inauelekeza kwenye nusu-dupleksi. Matokeo yake unaingia, unaandika amri fupi na zinajibu, ila ukiomba orodha ndefu ya mafaili au ukinakili faili la megabaiti 50, kila kitu kinakwama. Amri ya ethtool eth0 itaonyesha "Duplex: Half", na kwenye mashine ambazo ethtool haielewani na kadi jaribu mii-tool. Pande zote mbili zijipange zenyewe, au zote mbili zifungwe kwa mkono. Kwa gigabiti ya waya wa shaba acha zijipange, kwani kujipanga ni sehemu ya kiwango chenyewe, na hakikisha kebo ina jozi zote nne. Yenye jozi mbili itaishia 100.

Mapatano yanapovunjika

Hapa ndipo seva nzima na laptop nzima hushindwana. Zikikutana, kila moja inatoa orodha nne kubwa: njia za kubadilishana funguo, aina za ufunguo wa seva, njia za kusimba, na njia za kuhakiki kwamba ujumbe haukuguswa. Kila orodha lazima iwe na jina angalau moja wanalokubaliana. OpenSSH imekuwa ikiyafuta majina ya zamani kwenye orodha yake ya kawaida. Toleo 7.0 la Agosti 2015 liliondoa diffie-hellman-group1-sha1 na funguo za ssh-dss, kipindi kilekile dunia ilipogundua udhaifu wa Logjam. Toleo 7.4 la 2016 lilimwondoa 3des-cbc upande wa mteja. Toleo 8.2 la Februari 2020 likafuata na diffie-hellman-group14-sha1. Na 8.8 la Septemba 2021 likaacha kukubali saini za ssh-rsa zinazotumia SHA-1. Ndiyo maana Ubuntu 20.04 yenye OpenSSH 8.2 inaweza kuingia pale ambapo Ubuntu 22.04 yenye 8.9 inagoma, kwenye meza moja, kwa kebo ileile.

Ujumbe unakuwa hivi:

Unable to negotiate with 192.168.1.20 port 22: no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa,ssh-dss

Usome kuanzia mwisho. "Their offer" ni orodha ya kule. Kazi yako ni kuchagua humo jina lenye nguvu kuliko mengine na kuliongeza upande wako. Maneno yaliyo kabla yake yanakutajia mpangilio wa kugusa: "key exchange method" ni KexAlgorithms, "host key type" ni HostKeyAlgorithms, "cipher" ni Ciphers, "MAC", ambayo hapa ni njia ya kuhakiki ujumbe na si namba ya kadi, ni MACs.

SSH inalalamika jambo moja kwa wakati. Ukirekebisha la kwanza likaja la pili, hujaharibu kitu, umesogea mbele. Kwa CentOS 6 mara nyingi ni aina ya ufunguo tu, kwa kuwa OpenSSH 5.3 inajua diffie-hellman-group-exchange-sha256. CentOS 5 haiijui, hivyo itadai vyote viwili. Andika kwenye ~/.ssh/config ya laptop yako:

Host mahesabu
    HostName 192.168.1.20
    User mhasibu
    KexAlgorithms +diffie-hellman-group14-sha1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa

Alama ya kujumlisha ni muhimu. Bila hiyo hujaongeza, umebadilisha orodha nzima. Na iwe chini ya Host yenye jina, kamwe isiwe chini ya "Host *". Nimeona mafunzo mengi mtandaoni yanaweka mistari hii kwa mashine zote, na mtu anajikuta ameshusha ulinzi wa kila seva anayoingia kwa sababu ya kopo moja lililo chini ya meza.

Swichi na ruta za zamani hudai zaidi. Orodha yake huwa diffie-hellman-group1-sha1 peke yake, na njia za kusimba aes128-cbc na 3des-cbc. Chagua aes128-cbc:

Host swichi-ghorofani
    HostName 192.168.1.2
    KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    Ciphers +aes128-cbc

Baada ya hapo unaweza kukutana na "Invalid key length". Ufunguo wa RSA wa kifaa hicho ni mfupi kuliko biti 1024, na OpenSSH haukubali tangu 7.6. Hakuna njia ya mkato upande wako. Ingia kwa kebo ya konsoli, utengeneze ufunguo mpya. Kwenye Cisco ni:

crypto key generate rsa modulus 2048

Kabla ya kuhangaika na jina lolote, hakikisha programu yako bado inalijua: ssh -Q kex, ssh -Q cipher, ssh -Q key. Jina lisipokuwemo, limeng'olewa kwenye programu yenyewe, na kuliandika kwenye config kutaleta kosa jingine tu. Funguo za DSA, kwa mfano, ziliondolewa kabisa kwenye OpenSSH 10.0 ya mwaka 2025.

Wenye RHEL 9, Rocky 9 au AlmaLinux 9 wana kikwazo cha ziada. Utaweka +ssh-rsa sawasawa na bado utapata "error in libcrypto". Aliyekataa hapo si SSH, ni sera ya usimbaji ya mfumo mzima, ambayo hairuhusu saini za SHA-1. Inalegezwa kwa:

update-crypto-policies --set DEFAULT:SHA1

Lakini hiyo inalegeza kila programu kwenye mashine hiyo. Mimi ningeweka mashine ya kati, hata iwe mashine pepe ndogo, yenye Debian 12, ambayo kazi yake ni kuingilia kwenye seva za zamani tu. Ila hapa pana mtego: usitumie -J wala ProxyJump ukitegemea mashine ya kati itakusaidia kupatana. ProxyJump inapitisha bomba tu. Mapatano bado yanafanyika kati ya laptop yako na seva ya mwisho, na kosa litakuwa lilelile. Ingia kwanza kwenye mashine ya kati, halafu utoe amri ya ssh ukiwa ndani yake.

Kwa wa Windows, PuTTY ina tabia tofauti na inayofaa kazi hii: njia dhaifu nyingi bado imezibeba, ila imeziweka chini ya mstari wa onyo. Badala ya kukataa inakuuliza kama uko tayari kuendelea. Kwa swichi moja unayoigusa mara mbili kwa mwaka, hiyo inatosha.

Sasa upande wa pili: mashine kuukuu ndiyo inayotoka nje. Kisa cha kawaida ni seva ya CentOS 5 inayotuma nakala rudufu kila usiku kwa rsync, na seva inayopokea imebadilishwa kuwa Ubuntu 22.04. Mteja wa zamani hasemi mengi, anakufa na "no kex alg" au "no hostkey alg". Soma kwa mpokeaji, /var/log/auth.log, ndiko maelezo kamili yaliko. Ningeshauri ugeuze mwelekeo: mashine mpya ndiyo iende kuchukua nakala. Ulegezaji unabaki kwenye config ya mteja mmoja, na seva mpya haishushi kiwango kwa yeyote. Ukishindwa kugeuza, fahamu kwamba KexAlgorithms na HostKeyAlgorithms haziwekwi ndani ya Match kwenye sshd_config, kwa hiyo huwezi kuzilegeza kwa anwani moja tu. Washa sshd ya pili yenye faili lake:

/usr/sbin/sshd -f /etc/ssh/sshd_config_zamani

Ndani ya faili hilo weka Port 2222, ListenAddress ya mtandao wa ndani, PidFile yenye jina jingine, na mistari ya kulegeza. Kisha ukuta wa moto uruhusu lango hilo kwa anwani ya mashine kuukuu peke yake.

Inaunganisha, halafu inaganda

Ukingoja sekunde 20 au 30 ndipo nywila iombwe, na baada ya hapo kila kitu kikaenda kasi, ni DNS. Sshd za kabla ya 6.8 ya mwaka 2015 zilikuja na UseDNS ikiwa imewashwa: seva inatafuta jina la anwani yako kabla haijakushughulikia. Kama /etc/resolv.conf yake ina seva mbili za DNS zilizokufa, kila moja inangojwa sekunde 5, mara 2, na hapo umeshapoteza 20. Weka "UseDNS no" kwenye sshd_config, au sahihisha resolv.conf, ambayo kwa vyovyote ni bora iwe sahihi. Kusubiri kukiendelea, jaribu ssh -o GSSAPIAuthentication=no; mifumo ya familia ya Red Hat huwasha njia hiyo hata pale ambapo hakuna Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa ofisi nzima.

Ikiganda kabla ya nywila na isiendelee kabisa, endesha ssh -vvv uone mstari wa mwisho. Ukiwa ni "SSH2_MSG_KEXINIT sent" au "expecting SSH2_MSG_KEX_DH_GEX_REPLY", na njia yako inapita kwenye VPN au PPPoE, shuku ukubwa wa pakiti. Pakiti ndogo za mwanzo zilipita. Ile ya kwanza kubwa imetupwa njiani na taarifa ya kutupwa kwake imezuiwa na ukuta wa moto wa mtu. Pima:

ping -M do -s 1472 192.168.1.20

1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa inakuwa 1500. Ikishindwa, shuka: 1464 kwa PPPoE, 1400, 1372, hadi ipite. Kwa jaribio la haraka punguza MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya laptop yako:

ip link set dev eth0 mtu 1400

SSH ikiingia mara moja, umempata mshukiwa. Dawa ya kudumu iwe kwenye ruta, si kwenye kila kompyuta. Ikiwa ruta ni ya Linux:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Kukatika baada ya kukaa kimya dakika kadhaa ni jambo dogo: ruta imesahau muunganisho. ServerAliveInterval 60 kwenye config inatosha.

Umefika mlangoni, unakataliwa

"Permission denied" si tatizo la mtandao tena. Acha kabisa kugusa kebo. Fungua kumbukumbu ya seva, /var/log/secure kwenye CentOS au /var/log/auth.log kwenye Debian, kwa tail -f, kisha jaribu kuingia huku ukitazama. Mteja haambiwi sababu, kwa makusudi, seva inaiandika.

Ikiandika "Authentication refused: bad ownership or modes", saraka ya nyumbani inaandikika na kundi au na kila mtu. Sshd haiwezi kuamini faili la funguo ambalo jirani anaweza kulibadilisha:

chmod go-w /home/mhasibu
chmod 700 /home/mhasibu/.ssh
chmod 600 /home/mhasibu/.ssh/authorized_keys

Ruhusa zikiwa sawa na SELinux imewashwa, maliza na restorecon -Rv /home/mhasibu/.ssh.

Ukiombwa nywila ilhali ufunguo umeshauweka, tafuta ndani ya -vvv maneno "no mutual signature algorithm". Hiyo ndiyo kazi ya mstari wa PubkeyAcceptedAlgorithms hapo juu. Kwenye mteja wa kabla ya 8.5 mpangilio huo unaitwa PubkeyAcceptedKeyTypes. Jina jipya litakuletea "Bad configuration option".

Aina ya ufunguo nayo inahusika. Ed25519 ilianza na OpenSSH 6.5 ya Januari 2014, na ECDSA na 5.7. Kwa seva ya 4.3 au 5.3 ufunguo wa id_ed25519 ni mstari usiosomeka tu. Tengeneza wa RSA, wa kazi hiyo peke yake:

ssh-keygen -t rsa -b 3072 -f ~/.ssh/id_rsa_mahesabu

Kama ufunguo wa siri utakaa kwenye mashine ya zamani, ubadilishe muundo, kwa kuwa tangu 7.8 ssh-keygen huandika muundo mpya ambao wazee hawa hawaujui:

ssh-keygen -p -m PEM -f ~/.ssh/id_rsa_mahesabu

PuTTY ina mfano wake wa jambo hilohilo: mafaili ya PPK toleo la 3, yaliyoanza na 0.75, hayafunguki kwenye PuTTY ya kabla yake. Yahifadhi upya kama toleo la 2 ndani ya PuTTYgen.

"Too many authentication failures" kabla hata hujaandika nywila maana yake laptop yako ina funguo nyingi na imezijaribu zote. Seva kwa kawaida inavumilia mara 6. Ongeza IdentityFile na "IdentitiesOnly yes" kwenye Host hiyo.

Na kama ofisi inatumia Kerberos, tazama saa ya seva. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika usiku saa inarudi miaka nyuma, na Kerberos haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Betri yenyewe inapatikana kwa fundi saa yeyote. Ibadilishe, kisha uwashe ntpd.

Mashine zinazojua telnet na rlogin tu

Zipo bado, hasa zilizofungwa pamoja na mitambo ya viwandani. Telnet iko lango 23, rlogin 513, na zote mbili hupeleka nywila ikiwa uchi. Usizifungulie intaneti, ziweke nyuma ya mashine ya Linux yenye kadi mbili, uingie huko kwa SSH kwanza. Rlogin ina hila moja: seva inataka mteja atokee kwenye lango lililo chini ya 1024, kwa dhana kwamba ni root tu anayeweza kulifungua. Ukipita kwenye NAT, yaani ruta inayobadilisha anwani njiani, namba hiyo mara nyingi hubadilishwa, na unakataliwa hata .rhosts ikiwa sahihi. Ndiyo sababu nyingine ya ile mashine ya kati kuwa ndani ya mtandao uleule.

Ukishaingia, vi ikisema haitambui xterm-256color, andika export TERM=vt100. Kitufe cha kufuta kikitoa ^? badala ya kufuta, stty erase '^?'.

Unapobadilisha sshd_config ya seva iliyo mbali, usifunge dirisha ulilomo. Pima kwanza kwa sshd -t, ambayo ikinyamaza ni salama. Kuwasha upya sshd hakukati walio ndani, basi fungua dirisha la pili ujaribu kuingia huku la kwanza likiwa wazi. Na kama seva iko mji mwingine na hakuna mtu wa kugusa kibodi, nakili faili la zamani na upange lirudishwe lenyewe kabla hujaanza:

cp /etc/ssh/sshd_config /root/sshd_config.salama
echo "cp /root/sshd_config.salama /etc/ssh/sshd_config; service sshd restart" | at now + 10 minutes

Hakikisha atd inafanya kazi, la sivyo amri hiyo itakaa kwenye foleni bila kutekelezwa. Ukifanikiwa kuingia upya, angalia namba ya kazi kwa atq na uiondoe kwa atrm kabla dakika 10 hazijaisha.